Mwili si Shahidi wa Kutosha: Neno juu ya Ugonjwa wa Kutetemeka na Mambo ya Unyumba

Yako mambo ambayo mtu humwambia daktari, yako ambayo humwambia mchungaji wake, na yako ambayo hamwambii mtu awaye yote. Ugonjwa wa kutetemeka, uitwao Parkinson, huleta mambo ya namna zote tatu. Mkono utetemekao huonwa na kila mtu, hata mtoto, na kwa ajili ya mkono huo mgonjwa hupelekwa hospitali. Huzuni na kukosa usingizi hunenwa kwa sauti ndogo. Lakini yale yawapatayo mume na mke chumbani mwao kwa sababu ya ugonjwa huo hufichwa, na kwa kuwa yamefichwa hupewa maana zisizo zake. Mke husema moyoni, "Amenichoka." Mume husema, "Ananidharau kwa kuwa nimekuwa dhaifu." Na pengine usharika mzima husema, "Kumbe mzee yule alikuwa mnafiki tangu zamani." Basi nataka kuuliza swali moja: Je, mwili wa mtu ni shahidi wa kutosha juu ya moyo wake?

Najua watakuwapo watakaonung'unika kwamba habari za namna hii hazifai kuandikwa katika karatasi isomwayo na vijana pia. Nawajibu hivi. Vijana wetu wa kipaimara hufundishwa amri ya sita, nao katika Katekisimu Ndogo ya Luther hujifunza ya kuwa amri ile haiishii katika kukataza uzinzi, bali yataka pia mume na mke wapendane na kuheshimiana. Ikiwa si aibu kumfundisha kijana wajibu huo kabla hajaoa, si aibu kueleza ni nini kiwezacho kuuzuia akiisha kuwa mzee.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe kwa maneno machache. Daktari James Parkinson wa London aliandika habari zake mwaka 1817, akieleza wagonjwa sita tu, na wengine wao aliwaona njiani wakipita. Zaidi ya miaka mia ilipita kabla watu hawajajua asili yake. Ndani ya ubongo iko sehemu ndogo ambayo chembe zake hutengeneza kitu kiitwacho dopamini. Chembe hizo zikifa, kitu hicho hupungua, na mwili huacha kutii upesi. Mkono hutetemeka, viungo hukakamaa, hatua huwa fupi. Katika miaka ya 1950 Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kazi ya dopamini katika ubongo, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, alionyesha ya kuwa wagonjwa wakipewa dawa ya levodopa kwa kipimo kikubwa, kikiongezwa polepole, hupata nafuu kubwa. Hata leo dawa hiyo ndiyo ya kwanza.

Wala mtu asidhani ya kuwa huu ni ugonjwa wa Ulaya tu. Mwaka 2008 ilitangazwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro. Kati ya watu zaidi ya 161,000 walionekana wagonjwa 33, na walio wengi kati yao walikuwa hawajapata kuambiwa na mtu kwamba wana ugonjwa wenye jina. Walihesabiwa kuwa wazee tu. Fikirini basi: ikiwa mkono utetemekao mbele ya watu wote haukutambuliwa, yale ya chumbani yatatambuliwa na nani?

Tuanze na uso. Ugonjwa huu hukakamaza mishipa ya uso kama viungo vingine, hata uso ukawa kama kinyago. Mtu husikia furaha moyoni, lakini mdomo hautabasamu. Hupenda, lakini jicho halionyeshi. Sauti nayo hupungua, ikawa nyembamba, isiyopanda wala kushuka. Sasa mke aliyeishi na mumewe miaka thelathini amezoea kuusoma uso ule kuliko kitabu chochote. Alijua lini amekasirika, lini anatania, lini anamhitaji. Siku moja kitabu kile hufungwa. Hakuna aliyemwambia kwamba ni ugonjwa. Asome nini tena, isipokuwa ubaridi? Naona ya kuwa katika madhara yote ya ugonjwa huu, hili ndilo lenye hila kuliko mengine, kwa sababu halina maumivu na halimpeleki mtu hospitali.

Baada ya uso hufuata mambo mengine. Mishipa ya fahamu iendeshayo mambo ya mwili pasipo kuamriwa, kama jasho, choo na mwendo wa damu, hudhurika pia. Kwa hiyo wanaume wengi hupungukiwa na nguvu za kiume, na wengine hawawezi kulimaliza tendo la ndoa. Wanawake wagonjwa hukauka, tendo likawa la maumivu, na hamu yao hupungua. Nao huulizwa mara chache zaidi kuliko wanaume, kana kwamba jambo hili si lao. Tena mgonjwa hawezi kugeuka kitandani kwa wepesi. Mate humtoka, jasho humlowesha, naye huona haya. Wengine hupiga mateke na kupaza sauti usingizini, wakitenda yale wayaotayo, hata mwenzi wao huhamia kitanda kingine ili alale. Tena huzuni, ambayo katika ugonjwa huu mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, huua hamu kabla mwili haujashindwa.

Liko na jambo la mwenzi aliye mzima. Mchana kutwa amemvika mumewe nguo, amemfunga vifungo, amemlisha, amemfuta mate, amempeleka chooni. Usiku aambiwe aliweke kando lile la mchana na kuwa mke? Baadhi huweza. Wengine hawawezi, wala si kwa kukosa upendo. Wamekuwa wauguzi, na mwuguzi na mke ni watu wawili wakaao katika mwili mmoja uliochoka. Mara ngapi tumemsifu mama wa namna hii kanisani kwa uvumilivu wake, bila mtu kumwuliza kama amelala!

Hata hapa msaada upo. Saa za dawa zaweza kupangwa upya, maana iko saa ambayo mwili hutii na iko saa ambayo dawa imekwisha nguvu, nayo mara nyingi ni usiku. Mume na mke wanaweza kuchagua mchana, wala hakuna sheria iliyoamuru usiku. Kwa ukavu ziko dawa za kulainisha. Kwa nguvu za kiume iko sildenafili, ambayo imejaribiwa kwa wagonjwa wa Parkinson ikawafaa wengi. Lakini asiinunue mtu dukani kwa siri, kwa maana katika ugonjwa huu damu hupungua nguvu mtu asimamapo, na dawa hii huishusha zaidi; na kwa mtu atumiaye dawa za moyo za namna ya naitreti yaweza kuwa mauti. Na lililo kubwa kuliko dawa: mke akiisha kuambiwa, "Uso huu ni wa ugonjwa, moyo ni ule ule," nyumba nyingine hupona nusu siku ile ile.

Mpaka hapa nadhani kila msomaji atakubali kwamba mwili wa mgonjwa huyu wamshuhudia uongo, na kwamba ni haki kumwamini yeye kuliko uso wake. Lakini sasa twaja katika upande wa pili, ambao ni mgumu, na wengi walioitikia watasita.

Dawa nyingine za ugonjwa huu hazileti dopamini yenyewe, bali huiga kazi yake. Zilizo mashuhuri ni pramipeksoli na ropiniroli, zilizoruhusiwa Marekani mwaka 1997. Zimewasaidia watu wengi sana. Lakini dopamini haina kazi ya viungo tu; hushughulika pia na kutaka, kutamani na kuridhika. Kwa hiyo wagonjwa wengine wakitumia dawa hizi hushikwa na tamaa wasiyoweza kuizuia: huyu hucheza kamari, huyu hununua vitu ovyo, huyu hula pasipo kiasi, na huyu hushikwa na tamaa ya mwili. Mwaka 2010 ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada. Watu 13 au 14 katika kila mia walikuwa na moja ya tamaa hizo au zaidi, na wenye tamaa ya mwili iliyopita kiasi walikuwa 3 au 4 katika kila mia. Waliotumia dawa hizi za kuiga walipatwa zaidi kuliko wasiozitumia, ingawa hata levodopa peke yake yaweza kumletea mtu hali hii. Basi si wengi. Lakini kwa nyumba iliyopatwa, hesabu ya mia si faraja.

Tuseme mzee wa miaka sitini na mitano, mtu wa adabu, aliyewahi kuwa mshauri wa vijana. Dawa yake inaongezwa. Baada ya miezi michache anamsumbua mkewe mara nyingi usiku na mchana, anatazama picha za aibu katika simu, na mwishowe anaonekana akitoka katika nyumba ambayo haikumpasa kuingia. Habari zinafika kwa wazee wa kanisa. Je, atengwe na Meza ya Bwana kama mzinzi mwingine yeyote?

Wa kwanza husema: Ndiyo, kwa maana tendo ni tendo, na kila mwenye dhambi hupata cha kusingizia. Wa pili husema: Hapana, huyu hana neno lolote, dawa ndiyo iliyotenda. Wa tatu, naye ndiye ninayemsikia mara nyingi zaidi, husema kwa werevu: Dawa haiumbi kitu kipya, imefunua tu kilichokuwamo tangu zamani.

Nianze na huyu wa tatu, kwa kuwa neno lake lina sura ya hekima. Mkulima amepanda ua kuzunguka shamba lake, akautunza miaka arobaini. Usiku mmoja mafuriko yauchukua ua, na nguruwe wa mwituni wakaingia. Je, tutasema shamba lenyewe la kweli ni lile lililoharibiwa na nguruwe, na ule ua wa miaka arobaini haukuwa wake? Tamaa imo katika kila mtu. Wala hatuhitaji dawa kulijua hilo. Aliyejizuia muda wa miaka arobaini alijizuia yeye mwenyewe, na kujizuia kule ni sehemu ya nafsi yake kama tamaa ilivyo, hata zaidi, maana tamaa aliikuta, lakini kujizuia alikujenga.

Walakini sitaki kuficha ugumu ulioko. Mzee huyu alipoanza dawa, mwendo wake ulirudi, na uso wake ukatabasamu tena. Mkewe alilia kwa furaha, akasema, "Mume wangu amerudi." Hakusema, "Hii ni dawa inayotabasamu." Basi kwa haki gani twamhesabia lile tabasamu kuwa lake, na tamaa twaihesabia dawa, hali vyote viwili vimetoka katika kidonge kimoja? Jibu langu ni kwamba hatupimi neno kuwa la mtu kwa kutazama limetoka katika kidonge au katika damu, bali kwa kutazama kama lapatana na maisha yake marefu, na kama yeye mwenyewe, katika saa ya utulivu, hulikiri kuwa lake au hulichukia. Tabasamu hulikiri. Tamaa ile, wagonjwa wengi huichukia wakiisha kupunguziwa dawa, wakajiona kama waamkao. Lakini wako wasioichukia wakati ingalipo, nao hudanganya na kuificha kwa akili nyingi. Hapo kipimo changu hupungukiwa na nguvu, nami sina kingine kilicho bora.

Sasa juu ya wale wawili wa kwanza. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, iko sheria juu ya ng'ombe apigaye kwa pembe. Ng'ombe akimwua mtu, mwenyewe hahesabiwi hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga, na mwenyewe ameonywa, naye asimfunge, hukumu yake ni nyingine kabisa. Naiona sheria hii kuwa na akili kuliko mabaraza yetu mengi. Haiulizi kwanza, "Nini kimetendeka?" wala haiulizi, "Ni ng'ombe au ni mtu?" Yauliza, "Nani alijua, na alipojua alifanya nini?"

Tukiuliza hivyo, mambo mengi hunyoka. Siku za kwanza mgonjwa hakujua. Hakuna aliyemwambia kwamba kidonge cha mkono chaweza kushika moyo. Hapo hatia, ikiwa iko, ni ya yule aliyejua asimwonye. Mahakama ya Ufaransa iliona vivyo hivyo. Mtu mmoja wa huko, baba wa watoto wawili, alianza kutumia ropiniroli mwaka 2003, akashikwa na kamari na tamaa ya mwili hata akapoteza mali na heshima yake, akajaribu kujiua. Mwaka 2012 mahakama ya rufani ya mji wa Rennes iliamuru watengenezaji wa dawa wamlipe faranga za leo, yaani euro, zipatazo 197,000. Onyo juu ya jambo hili halikuwa limeandikwa katika karatasi ya dawa alipoanza kuitumia.

Lakini mtu akiisha kujua, yeye ni mwenye ng'ombe aliyeonywa. Labda hana nguvu ya kuizuia tamaa. Nguvu ya kusema anayo. Aweza kumwambia daktari. Aweza kumruhusu mkewe aseme. Aweza kumkabidhi mtu mwingine fedha na simu kwa muda. Hayo ndiyo yatakayoulizwa kwake. Tena hata asipokuwa na hatia, deni liko. Ng'ombe wangu akikata kamba usiku na kula mahindi ya jirani, jirani hataninenea kuwa mwizi, lakini mahindi yake yamekwisha, nami sitamwambia, "Kalipwe na kamba." Mke aliyedanganywa ameumia kweli. Hata kama maradhi yaweza kuwa yameletwa nyumbani, yapimwe, wote wawili. Kumwambia mke, "Ilikuwa dawa, nyamaza," ni kumjeruhi mara ya pili.

Na juu ya mke huyu liko neno ambalo nalisema kwa nguvu, kwa sababu nimesikia likipindwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika sura ya 7, juu ya haki ya mume na mke kila mmoja kwa mwenziwe. Wako wanaume waijuao sura hiyo tu katika waraka wote. Lakini haki aliyoiandika ni ya wote wawili sawasawa, na katika neno hilo hilo anataja mapatano. Deni la upendo halitozwi kama kodi. Mke wa mgonjwa aliyeshikwa na tamaa ya dawa aweza kusema, "Leo siwezi," aweza kulala chumba kingine, na mtu asimhesabie kuwa amevunja ndoa. Kama mume akimlazimisha, ugonjwa wake waeleza jambo hilo, lakini haulihalalishi. Mke na atafute ulinzi usiku ule ule, asingoje kikao cha wazee.

Wazee nao, kabla ya kuandika jina la mtu katika kitabu cha waliotengwa, na waulize tarehe mbili: lini mwenendo ulibadilika, na lini dawa ilianza au iliongezwa. Wahesabu dawa zote, hata za miti, maana mbegu za upupu zina levodopa ndani yake. Tarehe hizo zikikaribiana, mtu huyo apelekwe kwa daktari kwanza, baraza lingoje. Zisipokaribiana, hata kidogo, wasiifanye dawa kuwa kichaka cha kujifichia. Mwenye ugonjwa wa kutetemeka naye aweza kuwa mzinzi wa kawaida.

Tena asiwepo mtu wa kumwambia mgonjwa aitupe dawa kwa jina la utakatifu. Dawa hizi zikikatwa ghafula huleta hatari: mwili kukakamaa na homa kali iwezayo kuua, au mahangaiko na huzuni nzito. Zipunguzwe na daktari, polepole; tamaa nayo hupungua mara nyingi, ingawa pengine mkono utatetemeka zaidi, na mgonjwa na mkewe watapaswa kuchagua pamoja ni kipi watakachokivumilia.

Na yule asiyeweza kulitamka neno hili mbele ya daktari kijana aliyelingana na mwanawe, na aliandike nyumbani katika kipande cha karatasi: jina la dawa, siku ilipoanza, na jambo lililobadilika tangu siku hiyo. Mke aandike cha kwake, mbali. Wavitie ndani ya kadi ya hospitali, wamkabidhi daktari pamoja na kadi.